Wavinya Nzau, Mwenyekiti wa Pindo (1980–2025)

Tumekusanyika asubuhi ya leo katika kanisa letu hapa Umoja kumuaga Wavinya Nzau, mke wa Javan Wafula, mama ya Triza, na mwenyekiti wa kampuni ya ushonaji ya Pindo. Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, Nasambu, dada mkubwa wa Javan, baada ya kuzungumza na pande zote mbili za familia. Javan mwenyewe ameusoma kabla haujapelekwa kuchapishwa, akasema usibadilishwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 huko Kyuso, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Nzau Kyule na Mama Kanyiva, aliyeketi hapa mbele. Mama Kanyiva anakumbuka kwamba Wavinya alipokuwa na miaka kama saba hivi, alilifumua koti la pekee la baba yake ili aone lilishikana vipi ndani. Kulifumua aliweza, kulirudisha akashindwa. Jumapili ikafika, na Mzee Nzau akaenda kanisani koti limeshikwa kwa miiba ya mgunga. Hakumchapa mtoto. Alimwambia tu, "Sasa wewe ndiye fundi wangu. Ulilianza, utalimaliza." Lilimchukua muda mrefu, lakini alilimaliza.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1994. Alijiunga na shule ya upili akafika kidato cha pili, mwaka 1996, ambapo baba yake alifariki na masomo yakakatika. Mwaka uliofuata alikuja Nairobi kwa shangazi yake, hapa hapa Umoja, akajifunza ushonaji katika darasa la akina mama la kanisa. Alihitimu mwaka 1998. Mara nyingi alisema hakusoma. Lakini alikuwa akisoma kila kitu polepole, kidole kikiwa kwenye mstari, na hakuna aliyeweza kumharakisha.

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2010 alifanya kazi katika kiwanda cha nguo upande wa Ruaraka. Kazi yake ilikuwa kola za mashati, kola tu, kutwa nzima. Mazoea hayo hayakumtoka. Pasta wetu ni shahidi kwamba kuna Jumapili mahubiri yalianza, Wavinya akainuka kutoka benchi la tatu, akapanda hadi mimbarini, akaiweka sawa kola ya pasta na kurudi kuketi. Alipoulizwa baadaye, alisema, "Singesikia neno hata moja ile kola ikiwa vile."

Alikutana na Javan mwaka 2002. Javan alikuwa dereva wa lori lililoleta marobota ya vitambaa kiwandani, na siku hiyo suruali yake ilikuwa imechanika kwenye msumari wa lori.

"Dereva, simama hapo," Wavinya alimwambia. "Utaingia mjini na suruali hiyo?"

"Kwani imefanya nini?"

"Geuka uone. Ama usigeuke, sisi huku nyuma tushaona."

Wasichana wa mstari mzima waliangua kicheko. Javan alifunga koti kiunoni na kuondoka, kisha akarudi wiki iliyofuata na suruali ile ile ndani ya mfuko. Mahari ilipelekwa Kyuso, na wakafunga ndoa hapa kanisani Jumamosi tarehe 26 Aprili 2003. Binti yao, Triza, alizaliwa tarehe 9 Novemba 2004. Mungu hakuwapa mwingine, na hawakunung'unika.

Kiwanda kilipofungwa, Wavinya aliwakusanya wanawake wanne aliokuwa akishona nao, akiwemo rafiki yake Nabwire, wakaanza kushona pamoja mwaka 2012. Javan aliomba ruhusa ya mwenye nyumba, akabeba mbao na mabati kwa lori, na kwa mikono yake mwenyewe akajenga kibanda kando ya nyumba. Kikundi wakakiita Pindo. Na kwa kuwa ndiye aliyekijenga kibanda, wanawake wale walimpa heshima ambayo vikundi vyetu vingi humpa mwanaume wa karibu: walimfanya mwenyekiti. Mtu akisikia kikundi kina mwanaume mbele, hakichezei. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kufungua mkutano kwa maombi na kusema, "Akina mama, tusikawie." Basi. Lakini mtaa mzima ulimwita Chea, na jina hilo lilimkaa vizuri. Alitembea nalo.

Mwaka 2017 Pindo walisikia kuhusu kazi za serikali ambazo sheria imezitenga kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ili wadogo nao wapate bila kusukumwa na kampuni kubwa. Wakasajili kampuni. Hisa nyingi wakagawana wao wanawake, na thelathini kwa mia wakampa Javan. Kwenye nafasi ya mwenyekiti wakaandika jina la Javan kama walivyozoea. Hawakuona ubaya. Nani angemwondoa mtu kwenye kiti alichopewa kwa shukrani?

Wavinya na Nabwire ndio waliozipeleka karatasi kwenye ofisi ya mjini. Nabwire ametusimulia yaliyotokea huko. Mama aliyewahudumia alisoma, akainua uso.

"Huyu Javan ni mwanamke?"

"Hapana, ni bwana yangu," Wavinya alijibu.

"Basi hapa hawezi kukaa. Kampuni ikiomba kama ya wanawake, wanawake wawe na sabini kwa mia au zaidi. Hapo mko sawa. Hisa zake azishike tu. Lakini uongozi ni wanawake watupu. Hata sahihi za benki, ziwe zenu."

"Na yeye ndiye alitujengea kibanda."

"Mama, sheria haiulizi nani alijenga. Inauliza nani anaongoza."

"Anayeongoza ni mimi."

"Sasa mbona umemwandika yeye?"

Nabwire anasema Wavinya alikunja karatasi, wakarudi.

Jioni hiyo, chai ikiwa mezani na wifi yake akiwepo, alimweleza mumewe yote waliyoambiwa. Alieleza vizuri, tangu sababu ya sheria hiyo: kwamba zamani wanaume walikuwa wakiandika majina ya wake zao na kuchukua kazi wenyewe, na ndiyo maana serikali ikafunga mlango huo. Javan alisikiliza.

"Kwa hiyo mimi nimefutwa?" akauliza.

"Uongozi ndio umebadilika, Baba Triza. Hisa zako ziko pale pale."

"Na nikiulizwa kwa kinyozi, nitasema mimi ni nini?"

"Sema una bibi mwenyekiti."

Alisema hivyo akicheka. Javan hakucheka.

Kwa kinyozi waliuliza kweli, na hawakuuliza mara moja. Akipita tu, mtu angeita, "Niaje, Chea! Ama tuseme Chea mstaafu?" Mwingine angedakia, "Kwako mapinduzi yalifanyika bila hata risasi." Yalikuwa masihara ya mtaa, na waliokuwa wakiyasema wengi wao wako hapa leo. Hatuwalaumu. Ila mtu anayechekwa kila akienda kunyolewa, mwisho hukaa na nywele zake. Javan aliacha kupita njia ile, kisha akaacha kuingia kibandani, hata kufungua mkutano kwa maombi, ingawa wanawake wenyewe walimwita.

Mapema mwaka 2019 alipata kazi ya kuendesha lori la mahindi huko Kitale. Hakukuwa na ugomvi. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, hakuna sauti iliyopandishwa, na hiyo ndiyo sababu hata sisi jamaa hatukujua pa kuingilia. Alisema anaenda kwa msimu mmoja. Alirudi Krismasi ya mwaka huo. Krismasi zilizofuata alituma salamu.

Pindo ilipata kazi yake ya kwanza ya kushona mashuka ya hospitali, ikafuata ya sare za wafanyakazi wa usafi. Wavinya alifurahi, kwa sababu ilikuwa kazi safi, iliyoshonwa na wanawake wale wale walioandikwa. Ndipo mwaka 2020 akaja mfanyabiashara mmoja aitwaye Mwanzia, mtu mwenye maneno matamu na magari mawili. Alikuja na maandazi, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Dada, huyo mzee wako hayupo," alimwambia. "Nipe mimi ile thelathini yake. Nitazitafuta tenda, wewe kazi yako kutia sahihi na kunywa chai."

"Na nani atashona?"

"Kushona kwa nini? Nitaleta mashuka tayari kutoka kwa watu wangu."

"Hiyo haitakuwa Pindo."

"Kwa karatasi itakuwa Pindo. Nani atakuja kuchungulia?"

Wavinya alisimamisha cherehani. Wanawake wote wanne walikuwepo, na wote wanakubali kwamba maneno yake yalikuwa haya: "Nilimtoa mume wangu mbele kwa sababu ya sheria hiyo. Sasa nikuweke wewe nyuma?"

Mwanzia alicheka, akawagawia maandazi, akaondoka, na kampuni nyingine ikamkubalia. Lakini wanawake wa Pindo walibaki na uchungu. Walikuwa na watoto wa kulisha, mwaka ule watu wamefungiwa nyumbani na kazi zimekatika. Walimwambia thelathini ile haina mwenyewe. Nabwire alimwambia machoni, "Wavinya, unamlindia nafasi mtu ambaye haitaki." Naye akajibu, "Hajaniambia haitaki."

Mmoja mmoja waliondoka. Wawili walirudi kwao, mmoja akaenda kuuza nguo za mitumba, na mwaka 2022 Nabwire naye akafungua duka lake Komarock. Aliaga vizuri, na hata leo yuko hapa na ameshika kitambaa chake. Lakini tangu siku hiyo, Pindo ikawa mtu mmoja. Triza alikuwa shule ya bweni, kisha chuoni Machakos. Wifi yake, ambaye nyumba yake inatazamana na kibanda, alimwona kila asubuhi akifungua mlango, akifagia, akifunua cherehani zote tano, hata zile ambazo hazingetumiwa. Saa ya chakula alikula akiwa amesimama, akiijibu redio. Ukimuuliza kama yuko sawa, alisema kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi. Alishona vilemba na nguo za ubatizo, na zabuni ndogo ndogo za shuka pale alipoweza peke yake.

Usajili wa kampuni kama ile huisha na kuombwa upya. Kila alipoenda mjini waliangalia majina na kumuuliza, "Na huyu mwenye thelathini, bado yupo?"

"Yupo," alijibu. "Anaendesha lori Kitale."

Javan alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Walizungumza habari za Triza, za mvua ya kule na jua la huku, za gurudumu lililopasuka. Kuhusu Pindo, hawakuzungumza. Wavinya alimwambia wifi yake, "Akitaka kurudi atasema. Mlango anaujua, si ndiye aliuweka?" Na Javan, alipoulizwa na huyo huyo dada yake, alisema, "Wakinihitaji wataniita." Dada alibeba maneno ya huyu kwa yule na ya yule kwa huyu, yakafika yamepoa. Miaka ikaenda hivyo.

Kuelekea katikati ya mwaka 2024 marehemu alianza kuumwa tumbo la chini na mgongo. Alisema ni kukaa kwenye cherehani. Alificha damu. Akina mama mlio hapa, na ninyi wasichana mnaofikiri ni mambo ya wazee, tafadhali msifiche kitu kama hicho, hata kwa siku chache. Nendeni mkapimwe. Alipokubali kwenda, mwezi wa Agosti, aliambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi na kwamba imeenea. Alitibiwa katika hospitali kuu, na wauguzi walimpenda kwa sababu alikuwa akiwashonea vifungo akiwa kitandani.

Alikataza Javan asiambiwe. "Asije kwa kunihurumia," alisema. "Akija, aje kwa sababu hapa ni kwake." Mwezi wa Januari mwaka huu Triza aliona hawezi tena kunyamaza, akampigia baba yake. Javan alifika mwezi wa Februari na lori lenyewe, likiwa tupu, akaliegesha barabarani likaziba nusu ya mtaa.

"Umekonda, Mama Triza."

"Na wewe umenenepa. Kitale kuna chakula."

Wavinya alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani kwa siku chache. Javan alizunguka kibanda kwa nje, akapigilia bati lililokuwa limeachia, kisha akaingia. Aliziona zile cherehani zimefunuliwa zote. Akamuuliza kwa nini hakumpa Mwanzia zile hisa, kwa kuwa hata yeye angeelewa.

"Mwanzia hakuwa amenioa," Wavinya akasema.

Hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyokuwa nayo juu ya jambo hilo. Lori halikuwa la Javan. Ilibidi alirudishe Kitale kwa mwenyewe, na akaahidi kwamba kufikia Jumapili atakuwa amerudi na mizigo yake yote. Wavinya alimwambia aendeshe polepole. Jumatano alizidiwa, akarudishwa hospitalini. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Triza akiwa ametoka kidogo kumtafutia uji. Angetimiza miaka arobaini na mitano wiki ijayo.

Javan alifika na mizigo yake jioni ya siku hiyo hiyo.

Katika kikao cha kwanza cha matayarisho, kesho yake kibandani, Mzee Bedan wa kanisa alipendekeza, kwa nia njema, kwamba Javan awe mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Javan alisimama akasema, "Tafuteni mtu mwingine." Ndipo baba mdogo wa marehemu, Mzee Kyule, aliyesafiri kutoka Kyuso, akaomba kusema. Alisema familia yao inaomba kumchukua binti yao wakamlaze kwao, kwa kuwa ameishi peke yake miaka yote hiyo, na mtu aliyeishi peke yake huzikwa na waliomzaa. Alisema bila hasira. Akamgeukia Javan.

"Wewe hapa umesimama kama nani, mwanangu? Kama mwenye hisa?"

Watu walikuwa wengi hata nje ya kibanda. Mikono ya Javan ilikuwa juu ya cherehani ya mkewe.

"Kama bwana yake, baba," alisema. "Nilidhani nahitaji cheo kingine juu ya hicho."

Mzee Kyule akasema, "Basi mpeleke kwako. Na wewe uende naye, ukae." Kwa hiyo kesho marehemu atalazwa nyumbani kwa Javan, Kimilili.

Jibu lile lilichelewa kwa siku moja, na mwenye kulingoja hakulisikia. Ndiyo maana familia imeona liandikwe hapa, mbele ya Mungu na mbele ya watu, ili lisomwe kwa sauti Wavinya akiwa bado katikati yetu.

Kuhusu Pindo, Javan amesema hisa zake zikae zilivyo, na kiti cha mbele ni cha Triza akikitaka. Triza bado hajajibu, na tunaomba asisukumwe.

Marehemu ameacha mume, Javan Wafula, binti, Triza, mama mzazi, Mama Kanyiva, ndugu zake Muoki na Ndete, baba mdogo, Mzee Kyule, wifi yake, Nasambu, na Nabwire, ambaye tumemhesabu kuwa dada.

Wavinya, mumeo amekuja. Lala bila kungoja tena, mikononi mwa Bwana.